Mashine Yetu Inachungulia Majibu Yangu

Shangazi wa ushauri, shikamoo. Najua nimekuzidi umri, picha yako naiona kila Ijumaa juu ya safu yako na nywele zile hazinidanganyi, lakini mwenye shida ndiye mdogo, kwa hiyo leo naamkia mimi. Naomba msaada, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, ukifika mwisho cheka tu, hata mimi nilicheka, nilicheka mpaka meno ya bandia yakahama, ndipo nikakaa chini nikaona kwamba ninachokicheka kinaweza kumuua mtoto wa mwenzangu.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la tano, si kwa ujinga, ila mwalimu alisema ni yeye au mimi, wakamchagua yeye. Nikapata kazi hospitali, kuosha vioo vya maabara, vile vipande vyembamba ambavyo damu ya mgonjwa hupakwa juu yake, na katika kuosha nikawa nachungulia kwenye hadubini, na katika kuchungulia nikajua, mpaka ikawa wenye vyeti wananiita pembeni, wanatazama mlangoni kwanza, halafu, "Bwana mdogo, hebu tupa jicho hapa, hiki ni kimelea au ni uchafu?" nami nawaambia, "Hicho ni uchafu, mheshimiwa, kimelea ni kile ulichokiruka." Miaka arobaini nimesoma vimelea vya malaria, Shangazi. Nikisema vipo, vipo. Nikisema havipo, mgonjwa akatafute ugonjwa mwingine.

Sasa mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, ana kampuni. Mama yake alifia kwenye benchi la zahanati akisubiri majibu ya damu, kwa sababu msomaji wa hadubini alikuwa mmoja tu na siku hiyo alikuwa amekwenda msibani. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili na ndiye aliyekuwa ameushika mkono wa mama yake. Akasoma, akasoma, akasoma mpaka nikamuuliza kama hivyo vitabu vina mwisho, kisha akarudi akaniambia, "Mjomba, nataka kutengeneza msomaji asiyekwenda msibani." Na ametengeneza. Ni kisanduku cha ukubwa wa tofali, unatia kioo chenye damu, kamera iliyo ndani inakipiga picha chote toka pembe hadi pembe, halafu inakivuta karibu, halafu kwenye skrini linatokea neno moja tu. VIPO, kwa rangi nyekundu, au HAVIPO, kwa kijani. Dakika mbili. Mimi natumia dakika kumi, na hapo sijapiga chafya.

Uongozi wetu una viti vitano, na kila Jumatatu saa tatu asubuhi vyote vinakaliwa, katika chumba kinachotazamana na gereji ya pikipiki, chenye meza moja na ubao mweupe usiofutika vizuri. Kiti cha kwanza cha mpwa wangu, Mkurugenzi. Cha pili cha Daktari wa damu, mama mmoja mwembamba, mkali kama wembe mpya, akikuuliza "una uhakika?" unaanza kulitilia shaka hata jina lako. Cha tatu cha bwana wa kompyuta tunayemwita Kimya, maana mwaka mzima nimemsikia akisema "sawa" na "bado", na masikioni ana vile vidude vya muziki utadhani alizaliwa navyo. Cha nne cha Redio, anayetusemea kwa wakubwa, huyo hana kitufe cha kuzimia. Na cha tano, Shangazi, ni changu mimi. Mkuu wa Usomaji wa Damu, imeandikwa mlangoni. Redio huniita Profesa. Tumepigwa picha ya pamoja imetundikwa ukutani, wenzangu wanne wamekunja mikono kama waliogombana, mimi peke yangu nacheka. Mke wangu amekwenda kuitazama mara tatu, kila mara anasingizia kuniletea mwavuli.

Kazi yangu ni hii. Damu inakuja kwenye vichupa, naipaka kwenye vioo, naitia rangi ya zambarau, nasoma, naandika jibu kwenye daftari langu, halafu vioo vinakwenda kwa Kimya, ambaye anaionyesha mashine picha pamoja na majibu yangu mpaka ijifunze. Imejifunza. Siku za karibuni katika kila vioo mia inapatana nami tisini na tisa. Ndugu zangu wale wamecheza kwenye ukumbi, Daktari amecheza, nimemwona kwa macho yangu, alicheza kwa bega moja.

Jana Jumatano ilikuja barua kwamba wakaguzi wa serikali watakuja kuipima mashine wiki tatu zijazo. Redio akaleta keki. Nikawa nasoma vioo, keki mkono wa kushoto, Redio nyuma yangu ananitekenya mbavu, "Profesa, siku ya wakaguzi utavaa tai au utavaa lile koti la mwaka tuliopata uhuru?" Nikamaliza, nikampa Kimya trei. Baada ya saa moja Kimya akatoka chumbani kwake akachomoa kidude cha sikio. Wote tukaacha kutafuna.

"Kioo namba mia nne na kumi na saba," akasema. "Mzee kaandika havipo. Mashine inasema vipo."

"Una uhakika?" akauliza Daktari.

"Sawa," akajibu Kimya.

Redio akapanda juu ya kiti. "Mwanafunzi kampita mwalimu! Profesa kaangushwa! Leteni machela!" Wakapiga makofi. Mpwa wangu akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Mjomba usinune, si ndicho tulichokuwa tunakitafuta?" Ni Daktari peke yake ambaye hakupiga makofi. Alisema, "Hicho kioo niwekeeni, Jumatatu nitakitazama mwenyewe." Halafu wote wakaenda kula kwa furaha, na mimi nikabaki kwa hasira.

Nikakirudisha kioo kwenye hadubini. Nikakipitia safu kwa safu kama mwanamke anayechambua mchele wa harusi ya adui yake. Hakuna kitu. Safi. Nikakitoa nikakiinua dirishani, na hapo nikaona, pembeni kabisa, mkwaruzo mdogo kama kope. Wangu.

Hapa ndipo ninapoungama, Shangazi, nitazame kwa huruma. Miaka thelathini nyuma bwana mkubwa mmoja wa hospitali alidai nimeruka vimelea kwenye kioo cha mgonjwa wake, kumbe vioo vilichanganywa, lakini nani atamwamini muosha vioo, nikasimamishwa kazi miezi miwili. Tangu siku hiyo, kila kioo nilichokikuta na vimelea nakikwaruza pembeni kwa kalamu ya almasi, ile ya kuandikia namba kwenye kioo, ili kesho akija mtu kubisha niwe na ushahidi wangu wa siri. Nilipostaafu kalamu ilinifuata nyumbani. Kwenye kampuni Daktari alibandika karatasi ukutani, KIOO KIBAKI SAFI, USITIE ALAMA YOYOTE, na wote tukatia saini, na mimi nikatia, na mkono wangu ukaendelea kukwaruza kana kwamba saini ilikuwa ya mtu mwingine. Jana kwenye keki, kwa kutekenywa, nikakikwaruza kioo kisicho na kitu.

Nikapata wazo baya. Nikachukua kioo kipya, nikakipaka tone la chai ya rangi iliyobaki kikombeni, nikaikausha, nikakikwaruza pembeni, nikakitia kwenye mashine. Dakika mbili. VIPO. Chai ina malaria! Ndipo nilipocheka, Shangazi, peke yangu, nikiipigapiga mashine mgongoni, "Kumbe! Kumbe husomi, unachungulia daftari la jirani kama mimi darasa la tatu!" Nilijiona jogoo. Miezi yote wananiimbia kwamba mashine itanipita, kumbe mashine haijawahi kutazama damu hata siku moja, inatazama mkono wangu.

Halafu nikachukua boksi la Daktari la kufundishia, vioo vilivyosomwa na watu wengine zamani, vimejaa vimelea hata mtoto angeviona. Hatukuwahi kuijaribia mashine vioo hivyo, maana kila siku tulisema vioo vya Profesa ndivyo visafi kuliko vyote. Nikatia kumi. HAVIPO. HAVIPO. HAVIPO. Tisa kati ya kumi, kijani kibichi. Kicheko kikakatika.

Sasa sikia uzito wake. Redio, kwa ulimi wake ule, amewashawishi wakaguzi kwamba siku ya mtihani wao walete damu, mimi niipake, niisome kwanza, majibu yangu yafungwe kwenye bahasha, ndipo vioo viende kwa mashine. Yaani nikikaa kimya na kalamu yangu, mashine itafaulu kwa kishindo, mpwa wangu atapata kibali alichokitafuta miaka sita, na mimi nitabaki Mkuu. Lakini baada ya hapo mashine itakwenda mahali ambako mkono wangu haupo. Na si baada ya mtihani tu, mashine mbili ziko kwenye maboksi tayari, Jumanne zinapelekwa kwenye zahanati mbili kwa majaribio.

Nikisema, namvunja moyo mtoto wa dada yangu mbele ya watu. Daktari tangu mwanzo alisema, "Mzee ana mazoea," atakuwa amepatia. Nimewaza nimnong'oneze mpwa wangu peke yake. Nimewaza niache tu kukwaruza siku ya mtihani, ianguke yenyewe, ionekane ni bahati mbaya. Nimewaza hata kuugua. Barua hii naileta kwa mkono hapo ofisini kwenu leo Alhamisi, tafadhali usiichape kabla ya Jumatatu, nijibu kwa mkono huo huo, nimekaa hapa mapokezi nasubiri, na huyu binti wenu wa mapokezi ananitazama kama ninauza kitu.

Ni mimi, Mwenye Kalamu.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwenye Kalamu, shikamoo yako nakurudishia, kaitumie kwa mwingine, na nywele zangu ziache kama zilivyo. Nimeacha barua za watu watatu wenye ndoa zinazowaka moto ili nikujibu wewe kwanza.

Nimecheka pale kwenye chai, sitakuficha. Halafu nimekasirika. Umejaza kurasa kuniambia unaogopa kumvunja moyo mpwa wako. Muongo mkubwa wewe, na meno yako ya kuhama. Unaogopa kiti. Unaogopa ile karatasi ya mlangoni na ile picha ukutani. Si dhambi kukipenda kiti, mzee wangu, umekitafuta miaka sabini, lakini liseme jina lake.

Umeniandikia kwamba dada yako alifia kwenye benchi kwa sababu msomaji hakuwepo. Sasa fikiri na mimi. Heri msomaji asiyekuwepo, maana mgonjwa akiona mlango umefungwa huenda akatafuta kwingine. Lakini msomaji aliyepo, anayesema HAVIPO kwa rangi ya kijani, humrudisha mtu nyumbani ametulia, na homa yake mgongoni. Mpwa wako hakusoma vitabu vyote vile ili atengeneze benchi jingine.

Na wazo la kuacha kukwaruza siku ya mtihani bila kusema, hilo lifukie. Mashine itaanguka, wenzako watahangaika mwaka mzima kutafuta ugonjwa ambao wewe unaujua, na utakaa katikati yao ukiwasaidia kutafuta. Huo si ukimya, ni ukatili wenye adabu.

Wala usimnong'oneze Mkurugenzi peke yake. Najua ni damu yako, ndiyo sababu hasa. Ukimwambia peke yake, utakuwa umempa siri na kishawishi kwenye kifurushi kimoja, naye ana miaka sita ya jasho inayomwambia aifiche. Aibu yako usimrithishe. Viti ni vitano, waambie watano.

Basi fanya hivi. Yale maboksi mawili yasitoke mlangoni. Ikibidi kaa juu yake kama kuku aliyelalia mayai, ukiulizwa sema mgongo unauma. Jumatatu saa tatu usianze na hotuba, maana nakufahamu sasa, utaanza na mwalimu wa darasa la tano na saa sita itawakuta hapo hapo. Anza na chai. Paka, kwaruza, tia kwenye mashine, waache waisome skrini wenyewe. Kisha lete boksi la Daktari. Kisha toa kalamu uiweke mezani, useme maneno mawili, "ni mimi", ufunge mdomo. Watakaposema, usijitetee kwa habari ya yule bwana mkubwa wa hospitali. Alikuonea, ni kweli. Alikwisha kuonea, sasa unamwonea nani?

Na jambo la mwisho, uache kuiita mashine mjinga. Imeingia chumbani, ikatazama watu wote, ikajua ni nani mwenye majibu, ikamfuata. Hiyo ni akili, Profesa. Imekosa tu mwalimu wa kuificha daftari. Nenda ukawe huyo.

Na koti la mwaka wa uhuru usilivae.

MREJESHO

(Barua hizo mbili nimezihifadhi miezi minne, mpaka mwenyewe na wenzake wote wanne waliponiandikia kwamba sasa zinaweza kuchapwa. Hii ndiyo aliyoileta wiki hii. Shangazi.)

Shangazi, salamu sikupi, bado unanidai adabu.

Ijumaa nzima nilikaa juu ya maboksi, kweli yakawa kama mayai. Jumatatu nikapaka chai. Redio akaanza, "Profesa leo anatufundisha upishi?" Skrini ikaandika VIPO, akanyamaza, na tangu nimfahamu sijawahi kuisikia gereji ya nje vizuri namna ile. Daktari akauliza, "Una uhakika hiyo ni chai?" Nikampa kikombe anuse. Nikaleta boksi lake. Kijani, kijani, kijani. Nikaweka kalamu mezani, nikasema, "Ni mimi."

Mpwa wangu akaniuliza, "Tangu lini, Mjomba?"

"Nimejua Jumatano. Kukwaruza, miaka thelathini."

Akatoka. Tukasikia bomba la maji ukumbini likifunguliwa, likakaa muda mrefu, likafungwa. Akarudi uso umelowa, akafuta ubao mweupe kwa mkono wa blauzi yake, akaandika neno moja, UPYA. Kisha akamgeukia Redio. "Wapigie wakaguzi waahirishe, na zahanati zote mbili."

"Niwaambie nini, bosi?"

"Waambie mashine haijui kusoma."

Na hapo, Shangazi, Kimya akachomoa vidude vyote viwili masikioni, akaongea. Aliongea saa nzima! Alisema picha zikatwe pembe zote, alisema vioo visomwe na watu wa hospitali tatu tofauti, alisema kwa miezi kadhaa alikuwa akijiuliza kwa nini mashine inaangalia kona na akadhani ni kosa lake, akaona haya kusema. Kumbe tulikuwa wawili. Redio ndiye aliyekuwa akijibu "sawa".

Nikasimama nikaanza kubandua jina langu mlangoni. Daktari akaja nyuma yangu. Nikajua ni wembe. Akanyoosha mkono, "Kalamu." Nikampa, akaifungia kwenye droo yake. Halafu akasema, "Karatasi ya mlangoni iache, gundi yake inaharibu rangi. Kesho saa mbili uje, mimi na wewe tunaanza kusoma kioo cha kwanza." Tumesoma vioo elfu mbili na mia nne, Shangazi, bega kwa bega, na katika vyote hakuna mkwaruzo hata mmoja, ingawa mara mbili mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni, na mara mbili alikohoa.

Wakaguzi walikuja Jumanne ya wiki iliyopita. Safari hii walileta vioo vyao wenyewe, mia moja, kwenye boksi lenye lakiri, na majibu yao wakiyajua wao. Mimi nilifukuzwa chumbani, halali kabisa, nikakaa ukumbini kwenye benchi, mikono juu ya magoti ionekane. Baada ya muda mlango ukafunguka, akatoka Mkurugenzi. "Siwezi kutazama, Mjomba." Akakaa karibu nami kwenye lile benchi, akaushika mkono wangu. Wote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu mmoja.

Ya kwanza kufika kwetu ilikuwa sauti ya Redio, na haikuwa maneno, ilikuwa kelele tupu. Tisini na saba kwa mia! Tisini na saba, ya kusoma yenyewe, kwa macho yake! Kimya alikuwa amembeba Daktari juujuu, na Daktari safari hii alikuwa akicheza kwa mabega yote mawili, akiwa hewani.

Mkaguzi mkuu, mcheshi kidogo, akasema na mzee apimwe, wamesikia habari zake. Nikakaa kwenye hadubini, vioo vile vile, wakala kwanza, wakanywa chai, wakarudi wakanikuta, kesho yake wakaja tena wakanikuta. Tisini na sita.

"Namba hamsini na nane," Daktari akaniambia. "Umeandika havipo. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Tazama tena."

Nikatazama. Nikapita safu ya kwanza, ya pili, nikafika ukingoni kabisa mwa damu, na pale, Shangazi, kimoja tu, kipete chembamba cha zambarau, kimejibanza kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango na kusahaulika. Mashine ilikiona. Mimi sikukiona, na hakukuwa na alama ya mtu yeyote, hakukuwa na mkono wa kuchungulia. Nilipiga kigelegele. Najua wanaume hawapigi. Nilipiga kwa mdomo mzima, meno yakaruka mpaka mezani kwa mkaguzi, naye akanirudishia kwa heshima kwenye leso.

Kibali kimetoka, na jana mashine ya kwanza imeondoka kwenda zahanati, ni ile ile ya benchi la dada yangu, mpwa wangu ndiye aliyeichagua. Kabla haijafungwa kwenye boksi Daktari alifungua droo yake, akatoa kalamu ya almasi, akaniwekea mkononi. "Moja tu, Mzee. Na iwe mahali ambapo hatuioni." Nikaipindua mashine, nikaikwaruza matakoni, ambako kamera yake haifiki hata ikijipinda.